Posa ya Gunia

Ami yangu Mbarouk alikubali kuninunulia farasi siku ya Ijumaa baada ya sala. Ilipofika Jumapili alikuwa ameshaweka sharti.

"Farasi utampata," alisema, "lakini kwanza shangazi yako akamuulizie."

Kama hukuzaliwa kwetu, nikueleze. Kijana akileta posa nyumbani, hapewi jibu siku hiyo. Anakaribishwa, ananywa sharubati, anashukuriwa, anaondoka. Kisha familia ya binti inamtuma mtu mmoja mwenye macho na masikio akapite mtaani kwa kijana kuuliza ni mtoto wa nani, anaishi vipi na mamake, msikitini anaingia au anapita nje tu. Katika ukoo wetu mtu huyo, kwa miaka arubaini, amekuwa Bi Ummukulthum, dada yake Ami, anayekaa Jang'ombe. Ameulizia wachumba wa mabinti kumi na tisa. Sasa alikuwa anatumwa kumuulizia farasi.

Nilicheka. Kisha nikaona Ami hacheki.

Mimi naitwa Riyama. Nina miaka thelathini na moja, nimeachika, na kitu pekee ninachokijua vizuri duniani ni farasi. Miaka saba nilifanya kazi katika hoteli moja ya mashariki mwa kisiwa, nikiwapandisha wageni farasi na kuwashusha kabla hawajaanguka. Huko nilikutana na Nadhira, mwanamke wa Dar es Salaam mwenye shule ya farasi, aliyekuja kupumzika na akaishia kunifundisha dresaji. Katika dresaji farasi hashindani na mwenzake kwa mbio. Anaingia peke yake, na mpandaji mgongoni, katika uwanja wa mchanga uliozungushiwa herufi. Anatembea, anakwenda telki, mwendo wa mdundo kati ya kutembea na kukimbia, anakwenda shoti, yaani mbio, anageuka, anasimama, yote kwa amri ndogo ambazo mtazamaji hatakiwi kuziona. Majaji wanatoa alama kwa utulivu, mdundo na utii. Ukimwambia Mzanzibari kuna mashindano ya adabu, atakuelewa mara moja. Ukimwambia anayeshindana adabu ni farasi, atakuuliza kama umekula.

Nadhira alinipa ahadi yenye masharti. Mwezi wa Novemba kutakuwa na mashindano shuleni kwake. "Njoo na farasi wako, uliyemchagua na kumfunza mwenyewe. Nikiridhika, kazi ya ukufunzi ni yako," alisema. Nilikuwa na miezi minne, na ami mmoja mwenye uwezo, ambaye angenunua farasi mara moja tu. Nikikosea kuchagua, narudi kuwashusha wageni mpaka nizeeke.

Ami naye alikuwa na yake. Ana hoteli ya vyumba kumi na viwili Mji Mkongwe, na mpinzani wake Muhiddin, mwenye hoteli ya uchochoro wa pili, alikuwa ameweka chemchemi yenye taa za rangi katikati ya ua. Tangu siku hiyo Ami hana raha. Alitaka picha ya farasi aitundike mapokezi.

"Awe mweupe," aliniagiza. "Na nywele ndefu."

"Ami, majaji hawaangalii rangi."

"Wageni wanaangalia."

Hilo la rangi ningelivumilia. La Shangazi ndilo lililonipandisha hasira, na nitasema kwa nini. Miaka minane nyuma kijana mmoja anayeitwa Anuar alileta posa kwetu. Mrefu, sauti nzuri, meno yote yapo. Shangazi akaenda mtaani kwao na sahani ya visheti. Nikueleze pia njia yake: yeye haulizi tabia ya mtu, maana kwetu hakuna jirani atakayemharibia kijana harusi, wote watasema mashallah. Yeye anakwenda duka la karibu na kuuliza wanunua nini. Alirudi akasema, "Majirani wote wamemsifu. Mwenye duka anasema kila wiki ananunua vocha za laini mbili." Hakuongeza neno. Nililia siku tatu, nikasema watu wa zamani hawajui mambo ya simu, siku hizi kila mtu ana laini mbili, nikaolewa. Laini ya pili ilikuwa na mke huko mtaa wa Mwanakwerekwe na mtoto anayetambaa.

Ndoa ilidumu miezi kumi na minne. Shangazi hakuwahi kuniambia "si nlikwambia," na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mtu akikusuta unaweza kumjibu.

Farasi wa kwanza alikuwa katika hoteli moja ya kaskazini ambayo sitalitaja jina lake. Jina lake Sultani, mweupe, nywele zimefika begani, na cheti chenye nasaba ya mababu saba. Nilikwenda na daftari langu lenye mambo ya kukagua: kwato, miguu, mgongo, mabega, pumzi, mwendo. Nilivyomuona, daftari likabaki mfukoni. Ubwa, msimamizi wa zizi, mwanamume mwenye miwani ya jua, alimtoa taratibu, na Sultani akasimama mbele ya kioo cha mapokezi akajitazama.

"Anajijua," alisema Shangazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, buibui lake limenyooka, sahani ya visheti mapajani.

Nilimpanda. Alipoanza telki nilihisi kama sigusi ardhi. Alikuwa anainua miguu juu na kuiachia hewani kabla ya kuishusha, na wageni waliokuwa wanakunywa kahawa wakasimama kumpiga picha. Niliposhuka nilikuwa natabasamu peke yangu. Hali ile niliitambua vizuri, niliwahi kuwa nayo siku Anuar alipokuwa barazani kwetu anakunywa sharubati, lakini unadhani nilijiuliza?

"Ndiye huyu," nikamwambia Shangazi. "Mpigie Ami."

"Nna kiu," akasema, akanyanyuka na kutoka nje ya geti hadi duka lililo ng'ambo ya njia. Nikamfuata huku nikinung'unika. Aliagiza soda, akampa mwenye duka visheti viwili, wakasifiana afya. Kisha akauliza, "Hawa watu wa farasi, wanunua nini hapa kwako?"

"Barafu, Bi."

"Ya wageni?"

"Ya mguu wa yule mweupe. Kila siku baada ya alasiri, mifuko minne."

Shangazi akamaliza soda yake, akarudisha chupa, akafuta mkono kwa ncha ya kanga. "Turudi saa kumi na moja," akaniambia.

"Shangazi, farasi hachumbiwi!"

"Ndo hivo. Turudi."

Tulirudi bila kumtaarifu mtu. Sultani alikuwa nyuma ya zizi, mguu wake wa mbele umetumbukizwa ndani ya ndoo ya barafu. Ubwa bila miwani yake alikuwa mtu mwingine kabisa. Alisema farasi kachoka tu, joto hili. Nilimwomba amtembeze. Sultani akatoka kwenye ndoo akichechemea, kila hatua kichwa kinainama, na nilipougusa mguu ulikuwa unawaka hata baada ya barafu yote ile. Asubuhi walikuwa wanampa dawa ya maumivu ili wanunuzi wafurahi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anafundishwa kupapasa miguu ya farasi kabla ya kitu chochote. Mimi, mtaalamu wa miaka saba, sikuugusa.

Tukapanda gari kurudi mjini.

"Mzuri lakini," akasema Shangazi.

"Mzuri," nikasema, na nikatazama dirishani ili asinione uso.

Ami alipopewa habari alikasirika na sisi, sio na hoteli. "Kwani akisimama anachechemea?"

"Akisimama hapana," nikamjibu.

"Kwenye picha anasimama!"

Wakafuata wengine watatu. Mmoja mweusi alitafuna kanga ya Shangazi. Mwingine aliogopa kivuli chake mwenyewe. Wa tatu alikuwa mzima, ila alikuwa mzee kuliko ndoa ya Ami. Agosti ikaisha. Nilianza kukubali moyoni kwamba sitakwenda popote, na nilimlaumu Shangazi kwa sababu alikuwa karibu, na nafsi yangu sikuwa tayari kuilaumu.

Hatukwenda Kizimbani kutafuta farasi. Tulikwenda kununua hiliki na karafuu za harusi ya binamu yangu Shemsa. Kwa kuwa Shangazi miguu inamuuma, tulipanda gari la Mzee Mmanga, linalowatembeza wageni kati ya mikarafuu. Gari lenyewe ni la mbao, lina viti pande mbili, na katikati pana ubao wa kuwekea gilasi za chai ya viungo. Linavutwa na farasi mmoja aliyehasiwa, rangi ya gunia, na jina lake ni hilohilo, Gunia.

Nilikuwa nimekunja uso nikiutazama ubao. Gilasi sita, zimejaa hadi mdomoni. Njia ya pale ina mashimo na mizizi. Tulipita shimo, tukapita mzizi, tukapanda kilima, tukashuka. Chai ilitikisika kidogo, haikumwagika. Nikaacha kukunja uso. Mzee Mmanga alitamka neno moja, akiishusha sauti, na Gunia akasimama, miguu yote minne imepangika sawa, hakuna uliobaki nyuma. Huko Dar watu wanamfundisha farasi miaka miwili asimame vile.

"Mzee, nani kamfundisha?"

"Hakuna, mwanangu. Chai ya watu ikimwagika mimi ndo nnagombwa. Basi tukazoeana hivyo."

Safari hii nilipapasa kwanza. Miguu ilikuwa baridi, kwato nzima, mgongo umenyooka. Tukamfungua kwenye gari, nikampanda bila tandiko juu ya sakafu ya saruji wanapoanikia karafuu. Gunia hakuruka, wala hakuinua miguu kwa maringo. Alikwenda telki kwa mdundo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, nikamgeuza kulia akageuka, nikamgeuza kushoto akafikiri kidogo akageuka. Nilitaka kulia kwa furaha.

Shangazi alimwendea Mzee Mmanga. "Huyu ni mtoto wa nani?"

"Sijui, Bi. Nlimpata kwa mtu wa Bara, na mtu mwenyewe keshafariki."

"Mamake?"

"Simjui."

"Na babake?"

"Hata."

Shangazi akakusanya buibui lake. "Basi. Riyama, chukua kikapu twende."

Sikuchukua kikapu. Nilimwambia mbele ya watu kwamba Sultani alikuwa na mababu saba kwenye cheti na mguu mmoja mbovu. Nilimwambia hii nasaba yetu ndiyo inayotumaliza, kwamba tunakagua mababu wa watu huku watu wenyewe tunawapa migongo. Nilisema mengi, na mengine sikuwa namwambia juu ya farasi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mimi siulizii ukoo kwa maringo," alisema. "Mtu asokuwa na kwao, siku akikukosea utakwenda kwa nani? Anuar alipokukosea, nlikwenda kwa babake. Ndo ukapata talaka yako kwa wiki moja. Wenzako wanaisubiri miaka."

Hilo sikuwa nimewahi kuambiwa. Nilichukua kikapu. Mzee Mmanga alikuwa amesimama palepale, ameshika hatamu, na alikuwa amesikia kila kitu.

Ijumaa iliyofuata, Ami yuko Jang'ombe kwa Shangazi anakula biriani, mlango ukabishwa hodi. Ni Mzee Mmanga, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya, mkononi pakiti ya karafuu imefungwa kwa utepe.

"Nimekuja kwa ajili ya kijana wangu," alisema.

Shangazi alinitazama, akaninyooshea kidole ndani. Nikaelewa. Mimi, mwanamke mzima niliyeolewa na kuachika, nikaingia chumbani nikakaa nyuma ya pazia, kama ada inavyotaka, kusikiliza posa ya farasi.

"Kijana wangu hana mama anayejulikana," alianza Mzee Mmanga. "Kwa hiyo kwao ni kwangu. Akikukoseeni, njooni Kizimbani, mimi ndo wa kugombwa. Na sasa nkwambieni aibu zake." Ami akasita kutafuna. "Anakula sana. Kushoto anageuka kwa kufikiri. Akishiba anatoa upepo, hata mbele ya wageni. Na anaogopa mwavuli. Mwavuli ukifunguliwa mbele yake haniulizi mimi, anaondoka na gari na watu wake. Mara mbili keshanifanyia. Basi, hizo ndo nnazozijua. Nkizijua nyengine ntakuja nkwambieni."

Nilichungulia pembeni ya pazia. Shangazi alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, na macho yake yalikuwa yamelowa. Miaka arubaini amekaa na wazee wa wachumba kumi na tisa, wamemsomea sifa mpaka chai ikapoa, na hapana hata mmoja aliyewahi kufungua mdomo akataja aibu ya kijana wake.

"Lakini ile rangi," alisema Ami. "Mwenyewe jina lake Gu..."

"Mbarouk, nyamaza," alisema Shangazi, akanyanyuka kwenda kutengeneza sharubati.

Ami akatoa pesa, na kwa miezi miwili na nusu nilimfunza Gunia kila alfajiri. Kugeuka kushoto tukakubaliana afikiri mapema kidogo. Mwavuli nilijaribu mara tatu, na mara zote tatu nilirudi nyumbani kwa miguu. Kumvusha bahari kulichukua siku nzima, maana bandarini palizuka mjadala mrefu kama farasi ni abiria au ni mzigo, na kama ni abiria, picha yake ya kitambulisho iko wapi. Mzee Mmanga alikuja naye, kanzu ileile. Shangazi alikuja na buibui jipya, na Ami na boksi ambalo hakutaka kutuonyesha.

Asubuhi ya mashindano mbingu ilikuwa nzito. Tulikuwa washiriki tisa, na farasi wanane kati yao walikuwa wanang'aa. Gunia alikuwa rangi yake. Niliingia uwanjani, nikamsimamisha mbele ya majaji, akasimama kama amebeba gilasi sita. Nikaona jaji mmoja anainua kichwa.

Tulikuwa katikati ya telki mvua za vuli zilipoanza kudondoka. Ndipo nikaona boksi la Ami limefunguliwa. Alikuwa ameleta miavuli arubaini, mikubwa, myekundu, yenye jina la hoteli yake kwa maandishi ya dhahabu, na alikuwa anaigawa bure kwa watazamaji. Mmoja ukafunguka upande wa kushoto. Masikio ya Gunia yakasimama. Wa pili ukafunguka. Nilihisi mgongo wake unakazana chini yangu, na nilijua nimebakiwa na hatua nne au tano kabla kazi yangu, safari yangu na miezi yangu minne haijatoka getini mbio.

"Funga!" Niliisikia sauti kabla sijamuona mwenyewe. "Funga hiyo, mwanangu, tafadhali! Na wewe baba, funga!"

Shangazi Ummukulthum, mwenye miguu inayomuuma, alikuwa anapita mbele ya safu ya viti ndani ya mvua, anaifunga miavuli ya watu kwa mikono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Wengine aliwaomba, wengine aliwanyang'anya. Wa mwisho ulikuwa wa Ami, ambaye alijaribu kueleza jambo juu ya matangazo, na sikusikia alijibiwa nini ila niliona mwavuli ukishuka. Kisha akasimama pale, buibui lake jipya limemganda mwilini, mwavuli wake mwenyewe umefungwa chini ya kwapa, akanipungia mkono niendelee.

Nikamwambia Gunia kwa miguu yangu: mimi hapa. Akafikiri, kisha akaendelea.

Tulikuwa wa nne. Nadhira alinifuata zizini nikimkausha farasi kwa taulo. "Kuna farasi wachache nimewaona wenye mdundo kama huyu," alisema. "Umemchagua mwenyewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mzee Mmanga alikuwa pembeni anampa Gunia maji, hakunitazama, wala hakuwa na haja.

"Hapana," nikamwambia. "Niliyemchagua mimi alikuwa mweupe na mguu mbovu, na sikuupapasa. Huyu kakubaliwa na shangazi yangu. Na miavuli bado anaiogopa."

Nadhira alinitazama mimi, kisha akamtazama Shangazi aliyekuwa anakamua kanga yake mlangoni. "Njoo Jumatatu saa moja," alisema hatimaye. "Na wanafunzi wako wapapase miguu kila siku."

Alipoondoka, nilimwendea Shangazi. Kwa miaka minane nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, yote makali. Nilimshika mikono iliyolowa, nikamwambia, "Nisamehe. Ungenikataza Anuar nisingekusikia."

"Nlijua," alisema. "Ndo mana sikukukataza."

"Sasa hii kazi, Shangazi, niichukue? Dar mbali."

Aliipangusa pua yake kwa ncha kavu ya kanga, kama ilikuwepo.

"Nshapita duka la pale nje tangu asubuhi," alisema. "Huyu mwanamke ananunua karoti kila siku, na dawa za vidonda za wafanyakazi wake, na hana laini ya pili. Nenda, mwanangu."